Chapo Hakai na Watoto Wake

Jumatatu, 10 Machi

Muthoki mwanangu, nakusalimu. Nakusalimu mara nyingi kwa sababu simu yako haishiki na salamu zimenijaa kifuani. Baba yako anakusalimu, anasema goti lake lina nafuu, ila usiku wa baridi pale duka la simiti anapolinda linamuuma tena. Linda wako anakusalimu, amepoteza jino la mbele na sasa anacheka akifunika mdomo. Munyiva mdogo wake anakusalimu, bado analala na ile sweta yako ya kijani na hataki ioshwe. Naeku wa hapa jirani anakusalimu, na bwana yake Sankale, na yule mbuzi wao wa pembe moja anayekula nguo zangu kwa kamba, hata yeye ni mzima. Mimi susu yao niko. Nalala kidogo, naamka sana, lakini niko.

Nimeamua kukuandikia kwa hili daftari la Linda ambalo halikujaa mwaka jana. Unajua niliachia darasa la nne, kwa hivyo usiangalie herufi. Ukija utasoma yale ambayo sipati nafasi ya kukuambia, maana ukija hukai. Unakuja kukiwa bado giza, viatu mkononi, unapitia nyuma kwa boma la mbuzi za Naeku. Unawaangalia watoto wakilala, unaacha mfuko wa mandazi mezani, na kabla chai ichemke umeenda. Nikikuuliza unasema, "Mwaitu, wacha tu." Mimi siwezi kuwacha tu.

Habari ni kwamba tumepata sungura.

Jana kanisani alisimama Shiro, yule msichana wa kwaya anayefanya kazi na watu wa kuokoa wanyama. Akasema huko barabara ya Namanga kulikuwa na mahali watoto walipelekwa kushika wanyama, na mwenyewe alifunga geti akaenda zake. Wanyama wakabaki ndani bila maji. Wao waliruka ukuta wakawatoa. Punda amepata kwake, bata wamepata kwao, wamebaki sungura. Anatafuta nyumba ambayo haitawala. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza kama hata kipande kimoja cha mguu ni vibaya. Nikigeuka, naona Linda amesimama juu ya benchi, mkono hewani.

Hajaomba kitu tangu uende. Ningesemaje?

Leo Shiro amewaleta kwa katoni ya mafuta ya kupikia. Ni wawili, anasema wote wa kike. "Usiwashike kwa masikio, mama. Hawa wameona shida." Mmoja ana rangi ya kahawia na madoa kama chapati iliyoiva vizuri. Mwingine ni mwekundu kama maharagwe. Kwa hivyo Linda amewaita Chapo na Madondo, na baba yako amesema hayo majina ndiyo yanamtia njaa kabisa.

Amewajengea kibanda nyuma ya nyumba kwa mbao za kreti na waya ya kuku. Mimi naogopa. Mbwa wa huku Noonkopir hawana mwenyewe. Naogopa pia wakifa mikononi mwa Linda. Amefiwa vya kutosha huyu mtoto, na hakuna aliyekufa.

Jumatano, 12 Machi

Chapo hajala. Madondo amekula chakula cha wote wawili. Mvua hakuna.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimesikia du, du, nikafikiri ni mtu anagonga ukuta. Nimechukua mwiko wa ugali nikaenda nao. Ni Madondo, anapiga mguu wa nyuma chini na macho yamemtoka. Mbwa alikuwa kwa ua. Shiro ameniambia kwa simu kwamba hivyo ndivyo wanavyoambiana hatari imekuja. Kwa hivyo sasa niko na soja wawili, mmoja wa duka la simiti na mmoja wa nyumbani. Huyu wa nyumbani halali kazini.

Jumatano, 19 Machi

Mawingu yamekaa juu ya Isinya tangu asubuhi na hayakufika huku. Chapo anakula sasa. Anakula mpaka katoni.

Jumamosi, 22 Machi

Umekuja na umeenda.

Nilikukuta umechuchumaa kwa kibanda, kanga kichwani, umemwekea Chapo kidole. Ukamshika tumbo. "Mwaitu, huyu ana mimba." Nikakuambia Shiro amesema wote ni wa kike. Ukacheka kidogo, mara ya kwanza nakusikia ukicheka mwaka huu, ukasema, "Kwani pale kwao alikuwa peke yake? Mimi nimebeba wawili, najua tumbo."

Nilitaka ucheke tena. Badala yake nikakuuliza utarudi lini kwa bwana yako, na uso wako ukafungwa kama dirisha. Ukasema utakuja tena Jumamosi ile ya kuamkia Jumapili ya Matawi. Ukasema nisimwambie mtu.

"Hata Maweu?"

"Maweu ndiye zaidi."

"Ni baba ya watoto, Muthoki."

Ukavaa viatu ukiwa ushafika kwa boma la mbuzi, si kabla.

Munyiva ameamka akanusa mandazi, akaniuliza, "Mama alikuwa hapa?" Nilisema ndiyo. Amelia mpaka akatapika chai. Nakuandikia haya nikiwa na hasira na wewe. Mimi niliwalea nyinyi na kidonda kwa mguu, na sikulala hata siku moja mbali na nyinyi. Watu wa kanisa wananiuliza. Wengine wanasema uko na mwanaume huko Kajiado. Mimi nanyamaza, na ninaogopa kwamba nanyamaza kwa sababu sijui.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Ule udongo mweusi umeanza kushika viatu, Linda ameenda shule mguu mmoja una kiatu na mwingine una mfuko wa nailoni. Nimeweka turubai juu ya kibanda.

Jumapili, 30 Machi

Chapo ana wazimu. Anajing'oa manyoya ya kifua kwa meno, anajaza mdomo kama mtu anayekula pamba, anayabeba kona ya kibanda. Ngozi inaonekana. Nimefikiri ni upele. Nimefikiri ni kichaa cha mbwa, nikawakataza watoto kumkaribia na nikaosha mikono kwa Jik mpaka ikawasha. Shiro hashiki simu. Baba yako amesema labda ni joto. Joto gani na mvua hii?

Jumatano, 2 Aprili

Muthoki, ulisema kweli. Chapo amezaa. Yale manyoya alikuwa anawatandikia watoto, na mimi nilikuwa namwombea afe haraka asiteseke.

Wako saba. Hawana nywele, hawana macho, wekundu kama vidole vya mtoto mchanga. Linda amekaa mbele ya waya, halafu akasema pole pole, "Susu, hata mama akija ataona." Nimeingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuwa navipika.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimekasirika na wanyama na watu.

Chapo hakai na watoto wake. Tangu asubuhi ameketi upande ule mwingine wa kibanda, amewapa mgongo, anatafuna nyasi kama mtu ambaye hana watoto. Wao wanacheza-cheza ndani ya manyoya wakimtafuta. Nimeenda mara nyingi kuangalia. Yeye na nyasi zake tu.

Mchana amekuja Maweu.

Nakueleza vile ilikuwa. Amekuja na unga na sukari, amepangusa viatu mlangoni mpaka vikang'aa. Amenisalimu kwa mikono miwili. Alikula chakula akashukuru. Munyiva akamkalia kwa goti, Linda akasema ana homuwaki akaenda chumbani. Halafu Maweu akalia, Muthoki. Mwanaume mzima wa kuimba besi kanisani. "Mama, sitaki kitu. Nataka tu kuongea na yeye nikimwona uso. Nisaidie mara moja."

Na mimi kupitia dirisha namwona Chapo amewapa watoto mgongo.

Nikamwambia. Nilisema unakuja Jumamosi ya wiki ijayo, kabla jua lichomoze. Nilifikiri nitawakalisha pamoja, nipike kuku, nimwite na mama mmoja wa kanisa, muongee yaishe. Njia unayopitia sikusema, hakuniuliza. Alisema, "Asante mama, umeniokoa." Akanipa mkono. Mkono ulikuwa mkavu kabisa, na alikuwa ametoka kupangusa machozi nao. Hilo nimelifikiria baada ya yeye kuenda.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilimwita Naeku aje amwone Chapo. Alikuja na gumboti zake.

"Sopa, Mama Muthoki."

"Ipa. Hebu niangalilie huyu mama asiye na haya."

Naeku akaangalia akatikisa kichwa. "Amekataa watoto. Mbuzi wa kwanza hufanya hivi. Si unajua dawa yake?"

Dawa hiyo naijua. Hata kwetu Ukambani, mbuzi akikataa mtoto, unamfunga shingo kwa nguzo, mwingine anamshika miguu ya nyuma, unampeleka mtoto kwa chuchu kwa nguvu. Siku tatu, nne, anazoea. Anampenda hata hajui kwa nini.

Basi tukafanya hivyo. Naeku akashika miguu, mimi nikashika shingo, tukamkalisha Chapo juu ya watoto. Alitetemeka mpaka nikausikia moyo wake kwenye vidole vyangu. Nikamwambia, "Kaa na watoto wako. Kaa." Tulipomwachilia aliruka akapiga mguu chini, du, na Madondo akaitikia kutoka upande wake.

"Wako wakali kuliko mbuzi," Naeku alisema akicheka. "Jioni tena."

Jioni tulifanya tena. Nikaweka ubao ili asitoke pale walipo watoto.

Jumamosi, 5 Aprili

Wawili wamekufa. Mama yao aliwakanyaga akitafuta pa kutokea.

Nimewatoa kabla Linda aamke. Lakini nilifikiri basi kazi ni kuendelea, hao watano waliobaki wasife kwa njaa. Naeku alikuwa ameenda kukamua, kwa hivyo nikamshika Chapo peke yangu, mkono mmoja shingoni, mwingine mgongoni, nikimkandamiza. Nikasema kwa sauti, nikiwa na uchungu wa wale wawili, "Nimesema kaa na watoto wako."

Nyuma yangu nikasikia maji. Ni Linda. Amesimama na nguo ya kulala na amejikojolea, mtoto wa darasa la pili.

"Susu, mwache."

"Atakaa tu azoee, Linda. Rudi ndani, kuna baridi."

"Mwache. Baba alikuwa anamshika mama hivyo."

Nikauliza, "Hivyo vipi?"

"Hapo kwa shingo. Anamwambia kaa na watoto wako. Halafu anafunga mlango na kufuli na anaenda na ufunguo. Mama alikuwa anatuambia tuimbe."

Sikujua mikono yangu imemwachilia Chapo saa ngapi, akauangusha ubao akaenda upande wake. Nilimbeba Linda na hiyo nguo yake imelowa nikakaa naye kwa matope. Akaniuliza kama ataenda jela kwa kusema. Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Na wewe?"

Hakujua nimefanya nini. Aliuliza kwa sababu ya sungura. Lakini mimi nilijua nimemtajia Maweu siku.

Nimekupigia simu ile ya zamani mpaka betri ikaisha. Hii ya sasa hukunipa nambari. Ulikuwa unapiga kwa simu za watu, na mimi nilikuwa nakusema una kiburi.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimngoja Shiro nje ya kanisa. Nilimweleza yote ya Chapo, na ubao, na wale wawili. Hakunigombeza. Ningetaka anigombeze.

"Mama, sungura si mbuzi," alisema. "Hakai na watoto. Akikaa pale, harufu yake inaita mbwa, inaita kila kitu chenye meno. Kwa hivyo anakaa mbali. Anakula nyasi, anawapa mgongo, ili mtu akimwangalia asijue watoto wako wapi."

"Na maziwa?"

"Alfajiri anakuja mara moja, haraka haraka, halafu anaenda. Wanashiba mpaka kesho yake. Wewe angalia tu matumbo yao asubuhi. Yakiwa ya mviringo, jua alikuja."

Nilirudi nyumbani kwa matope. Nilitoa ule ubao. Niliangalia wale watano. Matumbo yao yamejaa kama puto ndogo. Alikuwa anakuja, Muthoki. Siku hizo zote mimi nikilala na hasira, alikuwa anakuja.

Nilikaa pale nikifikiria viatu vyako mkononi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwambia baba yako. Unajua yeye hakosi mzaha, hata kwa matanga. Leo hakuwa nao. Aliweka kikombe chini akasema atakaa nyumbani Jumamosi na panga lake. Nilimwambia watu wakiona panga watamwona yeye mbaya, si Maweu, na Maweu anajua kulia. Akasema basi twende kwa chifu. Nikaogopa. Chifu atamwita Maweu, atawaita wazee, wataniuliza mbele ya watu binti yako yuko wapi tuwapatanishe. Na mimi wiki iliyopita ningekuwa wa kwanza kuwaonyesha njia.

Ameomba ruhusa kazini. Mwenye duka amemwambia akikosa usiku wa Ijumaa asirudi tena.

"Nitatoka saa kumi na mbili," ameniambia. "Nitakimbia."

Na hilo goti.

Jumatano, 9 Aprili

Sankale ameenda soko la Kajiado na mbuzi wake. Nilimngoja kwa geti lao kabla apakie. Nilimwambia unaosha vyombo kwa hoteli fulani karibu na pale soko la ng'ombe, mrefu, kovu kwa nyusi. Nilisema hivyo nikakumbuka uliniambia kovu ni la mlango wa kabati. Nilimwambia akupe neno moja: Jumamosi usije.

Amerudi jioni, mvua imemnyea mpaka kwa shuka. Amezunguka hoteli tatu. Kwa moja wamekubali wanamjua Muthoki, lakini alikuwa ametumwa. Ameacha neno kwa mpishi.

"Mpishi alikuwa anasikia?"

"Alikuwa anakaanga samosa, mama. Alisema sawa."

Sawa gani hiyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua mchana na usiku. Matumbo yamejaa, yote matano.

Ijumaa, 11 Aprili

Maweu ameandika kwa simu: Mama kesho niko hapo mapema Mungu akubariki.

Nimeosha sufuria moja mara nne.

Jumamosi, 12 Aprili

Ni mchana sasa. Watoto wako kwa Naeku. Naandika haraka.

Sikulala. Jana jioni nilitaka nitoke nikakae kwa njia ya nyuma, nikusimamishe kabla hujafika kwa boma. Nilivaa hata gumboti. Halafu nikamfikiria Chapo. Nikitoka nikae pale, Maweu atakaponiangalia atajua ni wapi pa kuangalia. Nikitupa macho kwa ile njia, nimemwonyesha. Kwa hivyo nikavua gumboti. Nikawapeleka watoto kwa Naeku wakiwa na blanketi zao, nikamwambia wewe ukiona mtu kwa boma lako asubuhi umrudishe, umrudishe hata kwa fimbo. Mlango wa nyuma nikaufunga na kitasa. Wa mbele nikaufungua wote, nikawasha taa, nikaweka chai.

Maweu alikuja kwa pikipiki, akaizima mbali akaisukuma. Mtu wa kuja kuongea kwa nini asukume pikipiki? Nilikuwa namsikia matope yakimshika. Na huko nyuma, Madondo: du.

"Hodi, mama. Bado hajafika?"

"Karibu. Bado. Ingia unywe chai, una baridi."

Aliketi akiangalia mlango. Nikaketi mbele yake na mgongo wangu nikaupa nyuma ya nyumba. Nilianza kuongea. Muthoki, sijawahi kuongea hivyo. Nilimwambia habari za goti la baba yako, za bei ya mkaa, za mama fulani wa kwaya aliyeanguka kwa mtaro na viatu vipya. Nilicheka. Nilijisikia nikicheka nikashangaa ni nani huyo anacheka. Nilimkatia mkate. Nilikula na mimi, nikatafuna polepole kama mtu ambaye hana mtoto popote.

Akauliza, "Watoto wako wapi?"

"Wamelala."

"Viatu vyao sivioni mlangoni."

"Nimevianika kwa jiko. Matope haya utaweka viatu wapi?"

Akatingisha kichwa. Akageuza kikombe. Akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Mama, unajua mimi nampenda. Lakini mwanamke anayeacha watoto wake, mtu anaweza kumfanyia kitu na watu waseme ni haki."

Nikamwambia, "Ongeza sukari."

Ndipo Madondo akapiga. Du. Du. Du. Karibu sana, nyuma tu ya huo ukuta wa mabati. Nilijua si mbwa, maana mbwa angebweka akinusa waya. Kulikuwa na mtu pale.

Maweu akainuka nusu. "Ni nini hiyo?"

Sikugeuka. Shingo yangu ilitaka kugeuka peke yake, niliishika. "Ni wale sungura wa Linda. Wakisikia radi wanapiga miguu. Wananimalizia usingizi. Baba yake Muthoki anataka tuwapike, nami naanza kukubali."

"Hakuna radi."

"Ya Isinya. Wao wana masikio, si kama yetu."

Alisimama hapo, na mimi nikachukua birika. Nilimmiminia kikombe chake ambacho hakijaisha, kikajaa, kikamwagika mezani, kikamtiririkia kwa suruali. Akaruka. Nikaomba msamaha, nikaleta kitambaa, nikampangusa kama mtoto mdogo, nikasema pole sana, macho yangu yamezeeka, pole, keti nikupangushe. Nilimshikilia kwa hilo goti lake na kitambaa kadiri nilivyoweza. Huko nyuma kukanyamaza. Madondo hakupiga tena.

Alingoja mpaka jua likatoka. Baba yako akafika akichechemea, amelowa, hapumui vizuri, akaketi mlangoni katikati. Wakaangaliana. Maweu akasema, "Mtamwambia nilikuja." Baba yako akasema, "Sisi hatumwoni. Anaishi mbali."

Akaenda. Hakurudi njia aliyojia. Alichukua ile ya kwenda barabara kubwa ya Namanga.

Ndipo nikafungua mlango wa nyuma. Kwa matope kuna alama za miguu bila viatu, zimekuja mpaka kwa kibanda, vidole vimezama sana mbele kama mtu aliyesimama kwa ncha. Juu ya turubai kuna mfuko wa mandazi. Nimeushika. Ulikuwa bado na joto. Nilipiga magoti hapo kwa maji.

Ulikuwa umbali wa ukuta mmoja. Mpishi hakukuambia. Ulimsikia akinywa chai yangu, na ulisikia mimi nikicheka naye. Mwanangu, kicheko kile usikichukue vibaya. Nilikuwa nakula nyasi.

Naeku hakukuona, anasema alikuwa amesimama kwa mlango wa boma na fimbo, labda ulipitia upande wa ukuta. Alama za kurudi naziona mpaka kwa nyasi, halafu nyasi hazisemi. Na Maweu amechukua barabara hiyo hiyo yako ya Kajiado, na mvua hii, na pikipiki. Tangu asubuhi namhesabia mwendo, na kila nikifika kwa stegi ya matatu naona mtu mrefu na kanga kichwani, na siwezi kuangalia zaidi.

Kwa hivyo nakuambia yote nilivyofanya. Ni mimi nilimwambia siku. Hakuna mwingine aliyekuuza. Usinipunguzie.

Watoto wa Chapo wamefungua macho leo. Linda ametaka nikuandikie hilo. Matumbo yamejaa. Alikuja hata leo, katikati ya kelele hizo zote, na sikumwona akija.

Usije tena hapa. Nikisikia hamu ya kukuita, nitaenda kumwangalia Chapo. Sisi tutakuja kwako, mmoja mmoja, kama watu wanaoenda soko. Jumatatu baba yako anaenda na mimi kwa polisi, mbali na hapa, Kajiado kwenyewe, na Linda amesema atasema akiwa amenishika mkono.

Daftari hili nampa Sankale. Ameacha kazi yake ya leo, anaenda sasa hivi, na ameapa hataliweka kwa mkono wa mpishi yeyote ila wako. Ukimaliza kusoma, litie kwa jiko. Usiandike kitu, asije akakutwa nacho njiani. Mwambie kwa mdomo tu aniletee maneno haya: Chapo amenyonyesha. Mimi nitaelewa umefika.

Niko mlangoni, simu mkononi, baba yako yuko mlango ule mwingine. Hata kama hujakula, hata kama uko kazini na mikono ina sabuni, mwambie kwanza. Afanye haraka, mwanangu. Mwambie akimbie.